Mtembeza Wageni Aliyeijua Lisboni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wajukuu wangu na wa wenzangu, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo msinitafutie makosa ya kuandika. Tafuteni yenu, yapo. Kila likizo mnanionyesha picha. Huyu kasimama mbele ya mnara wa Ulaya, yule kaegemea ukuta wa kasri, meno yote nje. Nikiuliza nani kajenga, hamjui. Nani kazikwa mle ndani, hamjui. Nani aliwapeleka, mnaniambia, "Aa, Bibi, kulikuwa na jamaa mmoja tu wa kuonyesha onyesha." Jamaa mmoja tu. Neno hilo lilinichoma mpaka nikaomba daftari.

Nami nilimjua jamaa mmoja tu. Nilimjua miaka sita, kule Guangzhou, China, katika ile miaka ya elfu mbili ambayo kila mwenye duka Mombasa alikuwa ama yuko China, ama katoka China, ama anasema uongo kwamba tiketi iko njiani. Mimi nilinunua magauni meupe ya watoto, ya komunio na ya kushika maua ya harusi, kwenye majengo ya jumla ya Guangyuan Xilu karibu na stesheni ya treni, pale ambapo ukiinama kufunga kiatu mchukuzi anakupitishia furushi juu ya kichwa. Kichina sikukijua ila yale maneno ya kugombania bei. Yeye ndiye aliyekuwa mdomo wangu. Kazi yake ilikuwa ukalimani, lakini hatukumwita mkalimani. Tulimwita Mtembeza Wageni, kwa kuwa kabla ya China alikuwa ametembeza watalii Lisboni, mji mkuu wa Ureno, miaka kumi na zaidi, na alipofika China alibadilisha mji tu, hakubadilisha mwendo.

Kwao wapi, babu yake nani, sikuuliza na sitabuni. Kiswahili chake kilikuwa cha kusini kabisa, cha kule Msumbiji ya kaskazini, na Kireno kilikuwa ndani yake kama mawe kwenye mchele: unatafuna vizuri, mara kakachu.

Alikuwa na mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Kazi ya mwavuli ule ilikuwa kuinuliwa juu ya vichwa vya watu ili sisi tulio nyuma tujue alipo. Mvua ya Guangzhou ikipiga, na ile mvua hainyeshi, inamwagwa, sisi tulijifunika mifuko ya nailoni na yeye akaenda mbele analowa, mwavuli umefungwa, umesimama kama mshumaa. Nilimwambia mara ngapi aufungue. Akasema ukifunguliwa utafanana na miavuli mingine yote, na wageni watamfuata mtu siye.

Kila kona alituhesabu. Kwa kidole, chini kwa chini, kwa Kireno. Mmoja akiwa kaingia chooni, alisimama palepale na wachukuzi wakamtukana na yeye hakusogea hata kisigino mpaka atoke. Na kila tulipoingia jengo jipya, kabla hatujashika nguo, alisema, "Tazameni juu kwanza." Sisi tumekuja kununua magauni, yeye anatuambia tutazame dari. Hata Shahe, ule mtaa wa nguo rahisi ambao juu yake kuna nyaya na suruali zilizoanikwa basi, alitusimamisha akatuonyesha dirisha moja la mbao lenye maua yaliyochongwa, la nyumba ya zamani iliyobaki katikati ya maghala. Nilikuwa nimepita chini ya dirisha lile miaka mitatu. Mwaka uliofuata walilibomoa, nami nilikasirika kwa ajili ya dirisha ambalo bila yeye nisingelijua. Mambo kama hayo alinifanyia. Alinipa vitu vya kukasirikia.

Tulipokuwa tukisubiri mizigo ifungwe, tulikaa juu ya mafurushi, na hapo ndipo alipotupeleka Lisboni. Hakusimulia kama mtu anayekumbuka. Alisimulia kama mtu anayetembea. "Sasa tumeshuka kwenye basi. Upande wenu wa kulia mto, mpana hata utadhani bahari. Mbele ni mnara mweupe, umesimama ndani ya maji. Msikimbilie kupanda. Njooni huku kwanza, chini ya kibanda hiki cha mlinzi. Mnamwona nani?" Na sisi, watu wazima, tunatazama ukuta wa Guangyuan Xilu kana kwamba tutamwona. Alikuwa kifaru. Wareno walichonga kichwa cha kifaru chini ya mnara wao, na alisema mvua za miaka mingi zimemla uso, lakini mtu wa kwetu humtambua mara moja kwa jinsi alivyonuna.

Alitupeleka katika nyumba ya watawa ambayo nguzo zake zimechongwa kama kamba za meli. Alitupeleka katika kanisa lililoangushwa paa na tetemeko la ardhi, likaachwa hivyo, mbavu juu, ndege wanapita. Alitupandisha mtaa wa vichochoro wenye jina la Kiarabu mpaka leo, ambako majirani hushikana mikono kutoka dirisha hadi dirisha, nikamwambia huo ni Mji wa Kale wa Mombasa. Akasema, "Ndiyo, ila wao wameuwekea tramu."

Mnadhani kutembeza wageni ni kukariri mwaka na jina la mfalme. Yeye alijua ngazi ipi imesuguliwa na miguu ya watu hata ikawa sabuni. Alijua saa nne kivuli kiko upande gani wa uwanja, na wazee wakalishwe wapi. Alijua vyoo vyote, na choo kipi kina bibi mkali mlangoni. "Mgeni husahau mfalme," alisema, "lakini choo alichokikosa hatakisahau mpaka kaburini."

Vijana wa Nairobi hawakumwamini. Kulikuwa na mmoja, muuza simu, mdomo kama filimbi ya polisi. Akamwambia, "Mzee, hizi ni stori za jaba, za watafuna miraa. Wewe Lisboni uliiona kwa kalenda." Wenzake wakacheka wakagongana mikono. Mtembeza Wageni akamuuliza kwa upole, "Na hiyo kalenda, mwanangu, ilikuonyesha ngazi ya ngapi inateleza?" Hata hivyo waliendelea kumwita papasi, kama wale wanaosumbua watalii pwani. Papasi! Mtu aliyekuwa akiwasaidia wasiuziwe viatu viwili vya mguu wa kushoto. Walikula naye wakiwa na shida na laoban, yaani bosi wa duka, na shida ikiisha walihamia meza nyingine. Hayo niliyaona, na sikuyasema kwa sauti ya kutosha.

Mimi mwenyewe niligombana naye, tena vibaya. Mimi ni mtu wa Mombasa. Ngome ya Wareno ilinikaa machoni tangu utotoni, na najua waliuteketeza mji wetu kwa moto. Sasa siku moja ananisifia nguzo ya mawe kandokando ya mto ule, ambapo mabaharia wao wamechongwa wamepangana, wanatazama mbele kama abiria wanaosubiri kushuka. Nikamkatiza. Nikamuuliza je, wale wageni aliwaambia kwamba watu wale walipofika kwetu walichoma na kupora? Au hilo halikuwa katika ratiba?

Akaukuna mwavuli wake. Akasema ofisi ya watalii ya kule iliwapa karatasi ya kusoma, na yeye aliisoma yote, kisha akaongeza sentensi moja yake mwenyewe: "Na huko walikofika, watu walikuwa wamekwisha kuamka, na uji wamekunywa."

"Sentensi moja?"

"Moja, dada. Ya pili ingenifukuzisha."

Nilikasirika hasa. Mji mzima umeungua na yeye anaulipia sentensi moja, tena ya uji. Yule muuza simu akachomeka lake, "Na wewe, Mama, huo msalaba shingoni uliletewa na nani?" Nikamwambia msalaba wangu nilipewa na mama yangu, na kama hajui tofauti ya mama na meli, anyamaze. Kwa wiki mbili sikuzungumza na Mtembeza Wageni ila mambo ya magauni, ya mikono mirefu na ya mikono mifupi. Siku hizi nafikiri sentensi ile aliisema kila siku, miaka yote ile, kwa watu waliolipa wasiisikie. Lakini bado naiona ndogo. Sitasema uongo kwa kuwa mtu alikuwa mwema.

Jambo lingine ambalo sikuwahi kulielewa: yeye alikuwa Mwislamu, na hakuna mtu aliyejua makanisa kama yeye. Jumapili alitusindikiza sisi Wakatoliki mpaka lile kanisa kubwa la Guangzhou, la mawe matupu lenye minara miwili, akatuambia tutazame juu, tukatazama, tukaingia, yeye akakaa nje kwenye ngazi na mwavuli magotini mpaka mwisho. Padri wetu mmoja akamtania kwamba anapoteza muda. Akajibu, "Baba, mimi nimekaa nje ya misa nyingi kuliko walizokaa hawa ndani." Nilidhani ni kazi tu. Kumbe mke wake alikuwa Mkatoliki, na alimzoeza kusubiri.

Nilijua habari za mke huyo mwaka wa tano. Tulikuwa tumekaa juu ya mafurushi, anasimulia tena ile nyumba ya watawa, na amefika kwenye makaburi ya wafalme. Alisema majeneza yao ya mawe yamebebwa na ndovu wa mawe, wenye pembe za kweli, na kwamba watalii huwapapasa ndovu wale. Wafalme wamelala juu ya ndovu karne na karne, na watu hupanga foleni kuwatazama. Kisha akawaacha wafalme katikati ya habari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema mke wake, aliyekuwa akifua mashuka ya hoteli, amezikwa mji uleule, juu mlimani.

Nikasema pole, nikasema alale pema. Akaniambia ndilo tatizo. Kwa mtu wa kawaida, kaburi la kule ni la kuazimwa. Miaka michache ikipita hufukuliwa. Mwenyewe akiwapo, anatia sahihi, mifupa inawekwa katika kisanduku, kisanduku kinatiwa ukutani katika kijidirisha chenye jina. Mwenyewe asipokuwapo, inapelekwa shimo la wote, na jina linafutwa. Miaka ya mke wake ilikuwa inakwisha mwaka uliofuata. Naye alikuwa ametoka Ureno kuja kutafuta riziki China baada ya mazishi, karatasi yake ya kurudia ikafa akiwa huku, ameomba viza mara mbili, amekataliwa mara mbili. Watoto hawakuwa nao.

Niliinuka juu ya furushi. Nilimuuliza mara tatu kama nimesikia sawasawa. Kwamba mfalme aliyetuma meli za kutuchoma analala juu ya ndovu milele bila bughudha, na mwanamke aliyefua mashuka ya hoteli zao maisha yake yote anatolewa ardhini kama mpangaji aliyechelewesha kodi. Yeye akaniomba nikae, watu wanatazama. Nikamwambia watazame.

Basi, mtaelewa kwa nini nilifurahi ilipotokea ile ofisi. Wachina walikuwa wameanza kupata pesa za kutembea, na ofisi moja ya safari pale mjini, siitaji jina, ilitaka kuwapeleka watu Ureno. Walihitaji mtu wa kuwafundisha waongozaji wao. Wakamsikia. Mkuu wa ofisi alikuwa mwanamke, laoban aliyevaa vizuri, akamwahidi hivi: wafundishe watu wangu mji wote, tuandikie kitabu cha njia, na wewe utaondoka na kundi la kwanza. Barua ya viza wataandika wao, na pasipoti yake itabaki kwao mpaka siku ya safari.

Sijawahi kuona mwanadamu akifanya kazi vile. Aliacha ukalimani karibu wote. Alichora Lisboni yote kwa mkono, kivuli cha saa nne na kivuli cha saa tisa, vyoo, ngazi za kuteleza, kifaru. Waongozaji walikuwa watano, na hodari wao alikuwa mwanamke mwenye miwani, wa miaka thelathini na kitu, aliyeuliza maswali hata mwalimu akasahau chakula. Katika ratiba aliandika kwamba siku ya nne, mchana, wageni wapumzike hotelini. Laoban akalalamika, kwa nini wapumzike, wamelipia. Akashikilia kwamba wazee watachoka. Mimi aliniambia kweli: mchana ule ulikuwa wake, wa kupanda mlima. Alikwisha kununua kisanduku kidogo cha mti wa mkafuri, chenye kifuniko cha kuteleza. Alininusisha.

Safari ilikuwa iwe baada ya sikukuu zao za mwaka mpya. Haikuwa. Ikasogezwa mpaka joto la mwezi wa sita. Nilipouliza, alisema wanafunzi hawajawa tayari.

Siku ya kuondoka alikuja kunichukua twende wote, nimuage. Kundi lilikutania katika ukumbi wa hoteli moja karibu na kituo cha mabasi ya uwanja wa ndege. Alivaa koti jipya. Kisanduku kilikuwa katika mfuko, mwavuli mkononi. Wageni walikuwa kama thelathini, kofia za rangi moja. Laoban alipomwona alikuja mbio na tabasamu, akamvuta pembeni, akazungumza kwa muda. Mimi nikasogea. Niliona uso wa Mtembeza Wageni umekuwa kama mlango uliofungwa kwa ndani.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

Na yeye, kwa kuwa alikuwa mkalimani na hakujua kufanya kazi ile nusu, akanitafsiria neno kwa neno. "Anasema wageni wamelipia Ulaya. Anasema wamemwuliza kwa nini wanapelekwa Ulaya na mtu mweusi. Anasema yeye binafsi hana neno. Anasema barua ya viza haikuombwa."

"Haikuombwa lini?"

Akamwuliza. Akarudi. "Tangu mwanzo."

Nikamwambia amwambie mwanamke yule kwamba hana haya, kwamba amekula jasho la mtu mchana kweupe, na kwamba Mungu si mchuuzi wa kupunguziwa bei. Akasema maneno machache. Laoban akaniinamia na kutabasamu.

"Umemwambia nini wewe?"

"Nimemwambia unawatakia safari njema."

Hapo ndipo nilipopaza sauti. Nilipaza kwa Kiswahili, na kwa yale maneno yangu ya sokoni, mei you, mei you, hakuna, hakuna, ambayo hayakuwa na maana pale lakini ndiyo niliyokuwa nayo. Wageni wenye kofia wakageuka. Laoban, ili aninyamazishe, akafungua orodha yake ya majina, akapitisha kidole juu hadi chini, akasema jambo. Mtembeza Wageni akatafsiri kwa sauti ileile.

"Anasema orodha hii hapa. Anauliza, jina unalolitafuta ni nani?"

Akasubiri. Akasubiri jibu langu kama mkalimani anavyosubiri, macho chini, tayari kulipeleka upande wa pili. Na mimi sikuwa nalo. Miaka sita. Alinisomea mikataba, alinisindikiza hospitalini nilipougua tumbo, alikaa nje ya misa zangu, nilijua choo kipi cha Lisboni kina bibi mkali, na jina lake sikulijua. Nilisimama katika ukumbi ule kumtetea mtu, na nilipoulizwa ni nani, nikafumba mdomo. Nimefanya mabaya mengine maishani. Hilo ndilo linalonirudia.

Akaona sina. Akamwambia laoban maneno mawili, orodha ikafungwa. Kisha akaenda kwa yule mwanafunzi wake mwenye miwani, ambaye ndiye aliyeshika sasa kitabu cha njia, na mwanamke yule alikuwa ameinamisha kichwa, masikio mekundu. Nilidhani atamtemea mate; mimi ningemtemea. Akafungua kitabu, akamwonyesha mstari fulani. Akamkumbusha ngazi, nilijua kwa jinsi alivyopiga kisigino chini. Halafu akatoa karatasi ndogo katika koti, akampa kwa mikono miwili, akasema kitu kifupi.

Nje nikamuuliza amempa nini.

"Kituo kimoja zaidi," akasema.

Katika treni ya chini ya ardhi alipakata kisanduku kile magotini. Nikamuuliza jina lake. Nilimuuliza kwa ukali, maana aibu kwangu hutoka kama ukali. Akaniambia, jina lake na la baba yake. Kisha akasema, "Lakini usiliandike popote, dada, nikiwa hai. Lina kesi nyingi na karatasi. Liache lipumzike." Sijui kama yu hai. Kwa hiyo hapa hamtaliona, na msinisumbue.

Wiki ile nilirudi Mombasa. Nilirejea mwezi wa kumi, nikamkuta Pazhou, nje ya yale majumba makubwa ya maonyesho ambako wenye viwanda na wanunuzi hukutana. Niliuona mwavuli kwanza. Nyuma yake kulikuwa na wafanyabiashara wa Kongo wanane hivi, naye anawahesabu. Alikuwa amekonda, koti limemwia kubwa. Akawaambia watu wake watazame lile paa la majumba, limekunjamana kama wimbi, na walipokuwa wakitazama, akaja kwangu.

Sikumsalimu vizuri. Nikauliza, "Yule mwanafunzi wako, alikwenda mlimani?"

Alikwenda. Yule mwanamke mwenye miwani, mchana wa siku ya nne, aliwaacha wageni hotelini wamepumzika, akapanda tramu, akapanda mlima, akatafuta namba ya kaburi iliyoandikwa kwenye ile karatasi. Mimi nilikuwa nimemlaani kutoka mwezi wa sita hadi wa kumi, na ilinibidi niirudishe laana yangu palepale Pazhou, na mimi si mtu wa kurudisha. Alipofika, kaburi lilikuwa limefukuliwa, mifupa imekwisha kupelekwa shimo la wote. Pana maua mapya, ya mtu mwingine. Barua za kuita zilikuwa zimetumwa nyumba ya zamani. Mlinzi akamwonyesha kwenye kitabu: wiki tatu tu zilikuwa zimepita.

"Wiki tatu," nikasema. Nilikuwa tayari kuanza na laoban, na nilikuwa nimemwandalia maneno kutoka Mombasa.

"Usimtukane," akasema. "Walitaka kuondoka mwezi wa nne. Mimi ndiye niliyewazuia. Hawakuzijua ngazi, dada. Mmoja alikuwa bado anachanganya mnara na kasri. Nikasema mwezi mmoja, kisha nikasema mwingine. Wangekwenda nilipoambiwa, hata bila mimi, yule binti angemkuta."

Nilimkatalia. Nilimkatalia mbele ya Wakongo wake na mbele ya askari wa mlangoni. Nilimwambia kufanya kazi vizuri si dhambi, na kwamba asimsaidie mwizi kubeba mzigo wa wizi. Nilimwambia kama atajitwisha hilo, basi na mimi atanitwisha kila kitu nilichonyamazia. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyosikiliza watalii wenye malalamiko. Sidhani kama nilimshinda.

Kisha akasema, "Uliniuliza jina langu. Langu lipo, nalitembeza mwenyewe. La mke wangu hukuliuliza."

Nikamuuliza. Akanitamkia polepole, mara mbili, akanifanya nilirudie mpaka nikalishika. Halafu akainua mwavuli, akahesabu watu wake, akawaingiza. Sikurudi tena China, magoti yalikataa.

Nilifika nyumbani siku chache kabla ya mwezi wa Novemba, mwezi ambao sisi Wakatoliki tunaandika majina ya marehemu wetu na kuyapeleka kanisani yasomwe. Mwanangu mkubwa alikuwa kakaa mezani na kalamu, na kama kila mwaka ameanza na mama yangu. Nikaichukua karatasi ile nikaichana. Nikawaita wote, mabinti, wakwe, na msichana wa jikoni, wakasimama, nikawatajia jina lile nililofundishwa Pazhou. Wakauliza huyo ni nani kwetu, ni wa ukoo gani, nani alimwona. Nikawaambia sikuwaita kuuliza. "Andikeni Filomena. Aandikwe wa kwanza, juu ya mama yangu, mwaka huu na kila mwaka, nikiwapo nisipokuwapo, na atakayemruka asilete jina langu kanisani nitakapokufa."